Joto la Nyumba ya Nyanda za Juu: Dari Kwanza, Kisha Dohani, Kisha Jiko

Gesi asilia ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba kubwa la kutoka Mtwara likafuata mwaka 2015. Nyumba zilizovutiwa gesi hiyo mpaka jikoni ni chache, na ziko mikoa ya pwani, kule kule ambako watu hulala na feni. Wanaohitaji kupasha nyumba joto wako upande mwingine wa nchi: Njombe, Makete, Mafinga, Uyole, Lushoto, na ng'ambo ya mpaka wa Kenya, Limuru, Kinangop, Molo na Timboroa. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,500. Kati ya Juni na Agosti usiku wa huko hushuka chini ya nyuzi joto 10, na Kitulo kuna asubuhi ambazo barafu nyembamba hulala juu ya majani. Bomba la gesi halitafika huko kesho wala keshokutwa. Kama unajenga au unakarabati nyumba ya familia katika nyanda hizo, swali utakaloulizwa kwanza dukani ni unataka hita ya aina gani. Liweke mwisho. Kabla yake kuna mengine mawili: joto lako linatorokea wapi, na moshi wako utatokea wapi. Ukiyajibu kwa mpangilio huo, hita au jiko litajichagua karibu lenyewe, na litakuwa dogo kuliko ulivyodhani.

Chukua chumba cha kulala cha mita 4 kwa 4, kuta za tofali za kuchoma zenye kimo cha mita 2.7, pande mbili zikitazama nje. Nje kuna nyuzi joto 6, ndani unataka 18, kwa hiyo tofauti ni 12. Bati tupu lisilo na dari huachia takriban wati 7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi joto moja ya tofauti. Kwa mita zako 16 za mraba hizo ni wati 1,340 hivi zinazopaa. Kuta mbili za nje, zikiwa na unene wa tofali zima, zinapoteza kama wati 500. Bado hewa. Kuna matundu juu ya madirisha, mwanya chini ya mlango, na ile nafasi kati ya ukuta na bati ambayo mafundi huiacha bila kuiziba. Hewa yote ya chumba ikibadilika mara 5 kwa saa, wati 700 nyingine zimekwenda nayo. Jumla inazidi wati 2,500, na hapo kioo cha dirisha na sakafu havijahesabiwa. Usiku usio na mawingu hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu bati hutupa joto lake moja kwa moja angani na linaweza kupoa kuliko hewa inayolizunguka. Ndiyo maana alfajiri unakuta matone yamening'inia upande wake wa ndani.

Sasa piga dari. Siling bodi au jipsamu ya kawaida, pamoja na hewa iliyonaswa kati yake na bati, inashusha upotevu wa juu kutoka wati 1,340 hadi 480 hivi. Tandaza juu ya dari hilo pamba ya kioo, ile ya njano inayowasha ngozi, unene wa sentimita 5 tu, na upotevu unabaki karibu wati 120. Ziba mianya hadi hewa ibadilike mara moja kwa saa badala ya mara 5, na ile 700 inakuwa 140. Jumla mpya haifiki wati 800, chini ya theluthi ya ile ya mwanzo, na hujawasha kitu chochote. Hizi ni hesabu za kukadiria. Unyevu, upepo na ubora wa tofali vitazisogeza huku na huku. Lakini uwiano wake hausogei sana: katika nyumba ya bati, paa na mianya ndivyo vinavyokula joto, na ukuta, ambao watu huulaumu kwa kuwa mkononi unasikika baridi, unakuja nyuma yao.

Utaambiwa dari ni gharama, na kwamba kwa pesa hiyo hiyo unaweza kununua hita mbili nzuri. Ni kweli, ila hita mbili zitadai umeme kila mwezi wa Juni kwa miaka yote ya nyumba hiyo, na dari linalipwa mara moja. Isitoshe, mvua ikianza kupiga bati bado utasikia mazungumzo mezani. Pesa isipotosha, anza na vyumba vya kulala na sebule. Korido na stoo vinaweza kusubiri. Msimamie fundi mahali pawili ambapo huharakisha: pale dari linapokutana na ukuta, ambapo konisi hubandikwa kuficha ufa wa kidole badala ya kuuziba, na kwenye tundu la kupandia darini, ambalo mara nyingi huachwa na kifuniko kilichopinda. Usimkubalie anayetaka kujaza maranda ya mbao juu ya dari kwa kuwa ni ya bure. Yanazuia joto vizuri kweli, lakini pia yanashika moto kwa cheche moja ya waya na kuwalea panya. Pazia zito linalofika sakafuni na kipande cha mpira kwenye kizingiti cha mlango ni kazi ya siku moja.

Nyumba ikishazibwa namna hiyo, jiko la mkaa lazima litoke. Hapa ndipo ubishi mkubwa ulipo, kwa sababu katika nyanda za juu jiko la mkaa limekuwa hita ya kila mtu: linapika chakula cha jioni, kisha linabebwa chumbani. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi kwa wingi pale ambapo hauna mwali wala moshi. Makaa yamekuwa mekundu, jivu jeupe limeyafunika, na wenye nyumba wanaona kwamba sasa limekuwa safi, liingizwe ndani. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa huku kifua kikipanda na kushuka kama kawaida. Aliye macho atasikia kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Aliyelala hatasikia kitu. Kila msimu wa baridi habari za familia iliyokutwa imekufa chumbani na jiko likiwa katikati hurudi magazetini, na karibu kila mara majirani husema mlango ulikuwa umefungwa vizuri kwa ndani.

Jibu linalotolewa ni kwamba wazee walilala na moto miaka yote na wakafika uzeeni. Walilala katika nyumba gani? Paa la nyasi linapumua kila mahali, ukingo wake haugusani na ukuta, na hakukuwa na dari. Hata nyumba ya bati ya miaka ya nyuma, yenye madirisha ya mbao yasiyofunga sawasawa, ilibadilisha hewa mara nyingi kwa saa. Nyumba unayojenga leo ina dari la jipsamu, madirisha ya aluminiamu yenye mpira pembeni, na mlango uliopimwa. Jiko ni lile lile, lakini chombo lililowekwa ndani yake kimebadilika. Wengine husema wanaacha dirisha wazi kidogo. Uwazi kidogo hauna kipimo: usiku mmoja upepo unavuta gesi nje, usiku wa pili hewa imetulia na inabaki ndani. Ukiliacha dirisha wazi kiasi cha kutosha kuwa salama kweli, umerudi kwenye zile wati 700 na unachoma mkaa kulipasha joto shamba la jirani. Ukiamka na kichwa kinachouma, na kikapona ukishakaa nje nusu saa, usikimbilie kusema ni mafua; ulichotoka kukivuta bado kimo chumbani.

Kwa hiyo kanuni ya pili ni kwamba kinachowaka ndani ya nyumba kiwe na dohani. Atatokea wa kusema dohani inatupa joto nje, na kwa mahali pa moto pa wazi, pale pa mtindo wa kizungu panapojengwa sebuleni kwa ajili ya picha, yuko sahihi kabisa. Moto wa wazi unafyonza hewa ya chumba kwa wingi na kuipandisha juu pamoja na joto lake. Katika kila kuni 10 unazochoma, moja au mbili ndizo zinazokupasha wewe. Jiko lililofungwa, la chuma au la tofali, lenye mlango na tundu la hewa linalorekebishwa, linabakiza ndani zaidi ya nusu, na yaliyotengenezwa vizuri hufika asilimia 70 au zaidi. Tofauti hiyo inatokana na mlango. Kama ramani yako tayari ina mahali pa moto pa wazi, usipabomoe. Mwambie fundi wa kuchomelea atengeneze kisanduku cha chuma chenye mlango, akiunganishe na dohani ile ile, na kuni zako zitapungua mara kadhaa.

Kwa familia inayojenga Njombe, Makete au Mafinga, jiko la tofali lenye dohani ndilo ningelipa nafasi ya kwanza, na sababu iko shambani. Huko miti ni zao: misonobari, mikaratusi, na miwati iliyoletwa kwa ajili ya magome yake ya kutengenezea ngozi. Viwanda vya mbao huacha mabanzi yanayouzwa kwa bei ya kutupa. Kilo moja ya kuni kavu ina nishati ya uniti 4 hivi za umeme. Mkaa una karibu uniti 8 kwa kilo, ndiyo, lakini kilo hiyo moja imekula kilo 6 au zaidi za kuni kwenye tanuri, kwa hiyo anayechoma kuni moja kwa moja katika jiko zuri anatumia mti mmoja mahali ambapo mwenzake anatumia kadhaa. Fikiria jiko lililojengwa ukutani kati ya jikoni na chumba cha kulala, njia ya moshi ikizunguka ndani ya tofali kabla ya kupanda juu. Tofali za uzito wa kilo 500, zikipashwa na kisha kupoa kwa nyuzi joto 40, hurudisha karibu uniti 4.7 za joto. Kwa usiku wa saa 8 hizo ni wati 600 hivi bila kukatika, baada ya moto wenyewe kuzimika kabisa. Rudi kwenye chumba chetu kilichohitaji chini ya wati 800: sehemu kubwa ya kazi imemalizwa na kilo 2 hadi 3 za kuni zilizopika ugali na maharage ya jioni. Chumba kile kile kikiwa hakina dari, joto hilo lingeisha kabla ya saa nne za usiku.

Kuni ziwe kavu. Mti uliokatwa leo una maji yanayokaribia nusu ya uzito wake, na moto utatumia nguvu zake kuyachemsha kabla ya kukupa chochote. Moshi wake mzito hugeuka lami ndani ya dohani, na lami hiyo ndiyo huwaka baadaye na kuunguza paa. Pasua kuni mapema, zipange chini ya kibanda kilicho wazi pembeni, zikae miezi 6 hadi mwaka. Msonobari hukauka haraka na huwaka kwa pupa; mwati na mkaratusi hukaa motoni muda mrefu zaidi. Jambo moja halina mjadala: vipande vya nguzo za umeme au za uzio zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, visiingie jikoni kamwe. Dawa yake ina aseniki, na ikichomwa sehemu huondoka na moshi na sehemu hubaki kwenye jivu ambalo utalimwaga kwenye bustani ya mboga. Na asiyetaka kuamini kwamba moshi ni jambo zito azingatie kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Jiko la kuni linalovujisha moshi ndani halijatatua kitu.

Umeme una fadhila ambayo moto hauna: hauna gesi ya kuua. Kwa chumba cha mtoto mchanga au cha mgonjwa, hilo peke yake linatosha kuuchagua. Tatizo ni hesabu ya LUKU. Hita ya wati 1,500 ikiwashwa saa 5 kila jioni inakula uniti 7.5 kwa siku, 225 kwa mwezi. Ukiichukua uniti kuwa Sh 350, ni karibu Sh 80,000 kwa chumba kimoja. Mwenye nyumba aliyekuwa kwenye kundi la watumiaji wadogo wa TANESCO, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, atatolewa humo, na bei ya kila uniti, hata ile ya taa na simu, itapanda karibu mara tatu. Wauzaji watakuambia hita ya mafuta inabana umeme kuliko ya waya au ya feni. Haibani. Kila hita ya aina hizo hugeuza uniti moja kuwa uniti moja ya joto. Tofauti ni kwamba ya mafuta hupoa taratibu na haiunguzi pazia. Angalia pia waya. Wati 2,000 ni karibu ampea 9, mzigo ambao ekstensheni ya bei rahisi haiwezi kuubeba usiku kucha. Plagi ikiwa ya moto mkononi, zima, umwite fundi.

Kuna kifaa kimoja cha umeme kinachovunja hesabu hiyo, nacho kimezoeleka kwa kazi ya kinyume: kiyoyozi. Kiyoyozi cha inveta kinachoweza kugeuza mzunguko wake huchota joto kutoka hewa ya nje, hata ikiwa na nyuzi joto 5, na kuliingiza ndani. Uniti moja ya umeme inaleta karibu uniti 3 za joto. Mashine ya BTU 9,000 hutoa wati 2,600 hivi za joto kwa kula kama wati 800. Baridi ya Njombe au Limuru si kali kiasi cha kuishinda, na katika chumba chenye dari itafanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Tahadhari ni moja: nyingi zinazouzwa pwani hupoza tu. Kabla ya kulipa, tazama rimoti. Pasipo alama ya jua karibu na ile ya theluji, iache dukani. Bei yake ni kubwa, mafundi wanaoijua ni wachache milimani, na umeme ukikatika nayo imekatika, hivyo isiwe tegemeo la pekee la nyumba nzima.

Hita ya mtungi wa gesi sioni inapostahili zaidi ya sebule, kwa saa chache, watu wakiwa macho. Kwa wati 2,000 mtungi wa kilo 6 unakwisha ndani ya saa 38, wiki moja na ushei ukiiwasha jioni tu. Kila kilo ya gesi inayoungua huzaa kilo 1.6 hivi za mvuke wa maji, na mvuke huo unakuja kulala kwenye kioo, kwenye ukuta wa nje na nyuma ya kabati, ambako ukungu mweusi utaota. Gesi ya hita isiyo na bomba la kutolea moshi inabaki chumbani kama ya mkaa, ingawa ni safi zaidi ikiwaka vizuri. Chumba cha kulala ni mwiko. Mitambo ya jua ya paani, yaani ile ya kuchemshia maji, ni mizuri kwa kuoga, lakini haipashi nyumba. Na Limuru mwezi wa Julai wingu hukaa siku nzima, kwa hiyo hata maji ya kuoga utayaongezea umeme.

Mpangaji atasema haya yote ni ya mwenye nyumba. Kwa kiasi fulani ndivyo, kwa kuwa huwezi kutoboa paa la mtu. Basi pasha mwili badala ya chumba. Blanketi la umeme hula kati ya wati 60 na 100, chini ya uniti moja kwa usiku mzima, na mpira wa maji ya moto chini ya shuka haudai hata hiyo. Kitanda kisogezwe mbali na ukuta wa nje. Nunua pia king'ora cha kaboni monoksaidi, kifaa kidogo cha betri, ukifunge chumbani kwenye kimo cha kichwa cha aliyelala, hata kama wewe huwashi kitu. Katika nyumba za vyumba vilivyopangana, jiko la jirani hupitisha gesi yake juu ya ukuta usiofika kwenye bati.

Mwenye nyumba yake afanye uamuzi wa dohani kabla ya kuezeka. Bomba la chuma lisilo na ukuta wa pili likae angalau sentimita 45 kutoka kwenye mbao yoyote, na hilo haliwezekani kama kenchi zimeshapigwa mahali ambapo bomba lilipaswa kupita. Juu ya bati lizidi kofia ya paa kwa sentimita 60 hivi, la sivyo upepo utarudisha moshi chini. Nyanda za juu hewa ni nyepesi na mvuto wa dohani ni dhaifu kidogo, hivyo ukiongeza kimo hutakosea. Pale linapotoboa bati pazibwe kwa bati lililokunjwa, si kwa lami, maana lami itayeyuka. Acha kijilango chini ya dohani cha kutolea masizi, na umwite mtu wa kuisafisha mwezi wa Aprili au Mei, kabla moto haujaanza kuwashwa kila siku.